Jino Limetoka, Maumivu Yamebaki: Pesa Uipeleke Wapi?

Bei ya kung'oa jino kila mtu huiuliza. Bei ya wiki 2 zinazofuata haiulizwi, na kwa mkazi wa Lundo, huku mwambao wa Ziwa Nyasa, hapo ndipo pesa nyingi inapopotelea. Shimo linauma usiku wa tatu. Mdomo wa chini una ganzi isiyoisha. Jino lililozibwa linashtuka kwa maji baridi. Au hakuna kinachoonekana kabisa, ila ulimi unachoma na moyo hautulii. Basi mtu anaanza kutembea: duka la dawa, tabibu mwingine, mganga, Mbamba Bay, Mbinga, Songea, na mwenye ndugu mjini anaishia Dar es Salaam.

Nimezilinganisha njia hizo kwa nauli, kwa siku zinazopotea, na kwa kile ambacho mgonjwa anarudi nacho nyumbani. Upande wangu niuseme mapema: njia rahisi kuliko zote, yaani kurudi kwa yule yule aliyekutibu kinywa, ndiyo inayodharauliwa zaidi, na mara nyingi ndiyo bora.

Kwanza hesabu siku

Jino likishatoka, damu huganda ndani ya shimo, na bonge hilo ndilo kifuniko cha mfupa. Mate yenye rangi ya damu siku nzima ya kwanza ni jambo la kawaida. Uvimbe wa shavu hufika kileleni siku ya pili au ya tatu, kisha hushuka. Maumivu nayo yanatakiwa kufuata mteremko huo huo, leo yawe pungufu ya jana. Taya kuwa gumu kufunguka kwa siku kadhaa, hasa baada ya sindano ya gego la chini, hutokana na msuli uliopitiwa na sindano, nao hulainika wenyewe. Fizi hufunga mdomo wa shimo kwa wiki 1 hadi 2, lakini mfupa wa chini yake huchukua miezi kujaa. Kwa hiyo shimo unaloligusa kwa ulimi wiki ya tatu halimaanishi kwamba kazi iliharibika. Hata kijipande cha mfupa chenye ncha kikichomoza kwenye fizi wiki kadhaa baadaye, mara nyingi hutoka chenyewe au huondolewa kwa dakika moja.

Dalili inayovunja utaratibu huo ni maumivu yaliyokuwa yakishuka halafu yakapanda ghafla kati ya siku ya 2 na ya 4. Yanapwita, yanakwenda sikioni, na kinywa kinanuka. Hapo kwa kawaida bonge la damu limetoka mapema na mfupa umebaki wazi. Huwapata watu kati ya 1 na 5 katika kila 100 wanaong'olewa meno ya kawaida, na wengi zaidi kwa magego ya mwisho ya chini. Wavuta sigara na wanawake wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango wana hatari kubwa zaidi. Ukali wake humfanya mtu adhani amewekewa sumu au ameanza kansa, na si lolote kati ya hayo. Shimo huoshwa kwa maji safi ya chumvi na kuwekwa dawa yenye mafuta ya karafuu. Kazi yenyewe ni ya dakika chache, na kwa wengi nafuu huja siku hiyo hiyo.

Jino lililozibwa lina siku zake. Kushtuka kwa baridi wiki 2 hadi 4 za mwanzo, mshtuko unaopita mara moja, hakuhitaji nauli. Jino linalouma kila ukiuma tonge, kana kwamba ndilo linalotangulia mengine, lina kizibo kilichozidi kimo. Hilo halingoji wala halitibiwi kwa vidonge: rudi, kizibo kisuguliwe kidogo, utoke umepona. Maumivu yanayoanza yenyewe usiku, au yanayobaki dakika nzima baada ya maji ya moto, ni habari nyingine, kwa sababu mshipa wa ndani ya jino umeumia na uamuzi utakuwa kati ya kutibu mzizi na kung'oa.

Ganzi isiyoondoka kwenye mdomo wa chini na kidevu baada ya kung'oa gego ina historia ya kutisha kwa watu wa eneo hili. Kisiwa cha Lundo kiliwahi kuwa makazi ya wagonjwa wa ukoma chini ya wamisionari wa Kianglikana, na mzee anayekumbuka habari hizo akisikia neno ganzi hushtuka. Lakini ukoma huanza na baka la ngozi lisilohisi, na kwa kawaida huota polepole kwa miaka. Hauji asubuhi moja baada ya sindano. Ganzi ya baada ya kung'oa ni mshipa wa fahamu wa taya la chini ulioguswa au kubanwa. Mishipa mingi hupona ndani ya wiki au miezi michache. Cha kufanya ni kumjulisha aliyekung'oa mapema na kuandika tarehe, ili baadaye ijulikane kama eneo lenye ganzi linapungua.

Duka la dawa

Mkoa wetu wa Ruvuma una nafasi yake katika habari hii. Mwaka 2003 mkoa huu ndio ulioanzisha nchini maduka ya dawa muhimu, yale yaliyochukua nafasi ya maduka ya dawa baridi. Wauzaji walipewa mafunzo na wakaruhusiwa kuuza baadhi ya antibaotiki. Ni mpango mzuri uliosambaa Tanzania nzima. Tatizo ni tabia yetu sisi wanunuzi: tunafika dukani na neno moja, "jino," tunaondoka na amoksilini na Flagyl.

Kwa shimo lililobaki kavu, antibaotiki haifuniki mfupa. Kwa kizibo kilichozidi kimo, haikisugui. Kwa ganzi, haiponyi mshipa. Inafaa palipo na maambukizi yanayosambaa, yaani homa, uvimbe unaokua, tezi zilizovimba, na hapo hata hivyo usaha lazima utolewe na mtu mwenye vifaa. Dozi ya amoksilini inaweza pia kuacha fangasi kinywani na ulimi ukaanza kuchoma, ukawa umenunua ugonjwa wa pili kwa pesa yako.

Pale dukani kinachostahili pesa ni parasetamoli na ibuprofeni. Kwa mtu mzima asiye na kizuizi, parasetamoli gramu 1 pamoja na ibuprofeni miligramu 400 baada ya kula hutuliza maumivu ya kung'oa vizuri kuliko dawa nyingi za bei kubwa. Parasetamoli isizidi gramu 4 kwa siku. Ibuprofeni haimfai mwenye vidonda vya tumbo, mgonjwa wa figo, wala mjamzito, na isichanganywe na diklofenaki, kwa kuwa hizo ni ndugu na madhara yake hujumlishana. Chumvi ipo nyumbani: nusu kijiko cha chai kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu, kuanzia siku ya pili. Siku ya kwanza usisukutue, maana unaweza kuling'oa bonge lenyewe. Mafuta ya karafuu yasiyochanganywa huunguza fizi, kwa hiyo kuyamimina shimoni mwenyewe si sawa na dawa anayoweka tabibu.

Hesabu ya barabara

Mwishoni mwa 2023 LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, ilitangaza nauli kikomo ya basi la kawaida kwenye lami kuwa shilingi 48.47 kwa kilomita kwa abiria mmoja, kutoka 41.29. Namba hiyo inatosha kupiga hesabu, na kama imepanda unapoisoma makala hii, badilisha namba tu, mpango ubaki.

Kutoka Mbamba Bay hadi Mbinga, kwa barabara ya lami iliyochukua nafasi ya njia ya tope ya mlimani, ni kilomita 66, yaani karibu shilingi 3,200. Mbinga hadi Songea ni kama kilomita 100 nyingine. Jumla mtu anayetoka Mbamba Bay kwenda Songea na kurudi anatumia karibu 16,100, na akisindikizwa, 32,200. Hapo hujahesabu kutoka Lundo hadi Mbamba Bay, ambako bodaboda mara nyingi hukutoza zaidi kwa kilomita kuliko basi, wala chakula, wala pa kulala.

Ukiendelea mpaka Dar es Salaam, ongeza kama kilomita 950 kutoka Songea. Nauli ya kawaida ya mtu mmoja kwenda na kurudi inafika karibu 108,200, na kwa wawili 216,400. Kwa kulinganisha, CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, ilipoanza mwaka 2018 kaya ya watu 6 ililipa 30,000 kwa mwaka mzima, na kadi ilifika mpaka hospitali ya rufaa ya mkoa ukiwa na barua ya rufaa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inabadilisha utaratibu, hivyo uliza ofisi ya kijiji viwango vya sasa, tena uulize kwa jina: kung'oa kumo? Kuziba kumo? Picha ya jino imo? Neno "matibabu ya meno" peke yake halikutoshi.

Mwaka 2011 maelfu walimiminika Loliondo kwa Babu Ambilikile Mwasapile. Kikombe cha dawa yake kilikuwa shilingi 500. Nauli ndiyo iliyomaliza ng'ombe. Safari za meno zina tabia hiyo hiyo, kwa sababu huduma inaweza kuwa nafuu au hata bure kwa kadi, ilhali barabara ndiyo inayokula.

Kwa hiyo safari ya Mbinga, Peramiho au Songea ifanywe kwa sababu moja kubwa, nayo ni picha. Jino lililozibwa au lililong'olewa likiendelea kuuma baada ya aliyekutibu kulitazama tena, eksirei ndiyo inayoleta kitu kipya: mzizi uliobaki, ufa, jipu kwenye ncha ya mzizi, gego la hekima lililolala. Piga simu kwanza uulize kama mashine ya picha za meno inafanya kazi wiki hiyo na kama mtaalamu wa meno yupo. Mvuvi wa dagaa ana nafasi nyingine ya kuokoa: siku za mbalamwezi taa hazivuti samaki na mitumbwi mingi hupumzika, basi miadi isiyo ya dharura aombe iangukie hapo. Mwenye kahawa milimani naye asiombe miadi katikati ya mavuno kama tatizo linaweza kungoja.

Dar es Salaam inalipa pale tu unapopelekwa kwa barua yenye swali maalumu: uvimbe wa taya unaohitaji kukatwa kipande cha kupimwa, ganzi isiyopungua kwa miezi, upasuaji usiofanyika mkoani. Kwenda kule na maneno "kinywa hakiko sawa" ni kununua foleni.

Wasiwasi nao una bei

Sehemu hii ndiyo inayokula pesa kimyakimya. Kinywa kina hisia kali. Unywele mmoja ndani ya tonge ulimi huutambua kabla jicho halijauona. Baada ya kazi ya meno ulimi hugeuka mlinzi, kila dakika unapita pale pale. Kisha inakuja tochi ya simu na kioo. Mtu ambaye hajawahi kujitazama kooni anakuta vinundu vilivyopangwa safu nyuma ya ulimi, anakosa usingizi. Vinundu hivyo kila binadamu anavyo. Vivyo hivyo mstari mweupe shavuni mkabala wa meno, vidoti vya njano ndani ya mdomo, na kwa baadhi ya watu kibonge kigumu cha mfupa katikati ya kaakaa. Umezaliwa navyo au umekua navyo, na jino lililong'olewa ndilo lililokufanya uangalie.

Wasiwasi wenyewe huleta maumivu ya kweli. Mwenye hofu huuma meno usingizini, akaamka na taya lililochoka, kichwa kikigonga, na alama za meno pembeni mwa ulimi. Anaziona alama, hofu inaongezeka. Wapo pia wanaopata kuungua kwa ulimi na midomo bila kidonda chochote, hasa wanawake waliokaribia au waliopita umri wa kukoma hedhi. Hali hiyo inajulikana kitabibu na haigeuki kansa. Hata hivyo kabla ya kuipa jina hilo vipimo vichache vinastahili pesa: wingi wa damu, sukari, na kuangalia kama kuna fangasi. Upungufu wa madini ya chuma au vitamini B12 huweza kuchoma ulimi, na kisukari hukausha kinywa. Vyote hivyo vina tiba.

Kuna maumivu ya uso yanayopiga kama shoti ya umeme, sekunde chache, ukigusa shavu au ukipigwa na upepo wa ziwa. Hayo ni ya mshipa wa fahamu wa uso. Wagonjwa wake duniani kote wamekuwa waking'olewa jino moja baada ya jingine bila nafuu, wakati dawa ya mshipa, ile ile wanayopewa baadhi ya wenye kifafa, ndiyo inayowatuliza. Jino likiuma, likang'olewa, maumivu yakahamia la jirani, na picha haionyeshi kitu, usilipie kung'oa la tatu.

Hofu ya kuambukizwa Ukimwi kwa vifaa vya meno naisikia mara nyingi, na ina jibu lisilo na gharama. Kupima VVU katika vituo vya umma ni bure. Kipimo cha haraka kikitoka safi siku 90 baada ya tukio, jambo limefungwa kwa tukio hilo. Siku nyingine, kabla ganzi haijachomwa, omba uone sindano mpya ikifunguliwa na vifaa vikitolewa kwenye pakiti yake. Hakuna daktari mwenye adabu atakayekasirika.

Kinachonikera ni "kipimo cha mwili mzima," kile kifimbo cha chuma unachoshika mkononi huku kompyuta ikiorodhesha magonjwa, halafu unauziwa kopo la virutubisho. Kifimbo hicho hakioni jino, hakioni mfupa, hakioni seli. Kati ya njia zote nilizolinganisha, hii ndiyo pekee ambayo mgonjwa anarudi na wasiwasi zaidi, pesa kidogo, na hana hata neno moja la kweli kuhusu kinywa chake.

Kuhusu rai ya daktari wa pili: nunua moja. Aliyekutibu akishakutazama tena na wewe bado huridhiki, mtaalamu mwingine ana thamani, hasa akiwa na picha. Rai ya tatu na ya nne bila kipimo kipya ni kuuziwa jibu lile lile kwa nauli nyingine, na utulivu wake haudumu hata juma. Hapo pesa ingekaa vizuri zaidi kwa kuongea na mhudumu kuhusu hofu yenyewe, usingizi na mambo ya nyumbani. Kuambiwa hivyo si kuambiwa unajifanya mgonjwa.

Mahali pasipo na hesabu

Haya hayapimwi kwa nauli. Uvimbe unaoshuka chini ya kidevu au kuinua ulimi, mate yanashindwa kumezwa, pumzi inabana: nenda Hospitali ya Mtakatifu Anna Liuli au iliyo karibu zaidi usiku huo huo, maana njia ya hewa huweza kuziba kwa saa chache. Damu isiyokoma baada ya kubana kitambaa safi kwa nusu saa. Homa na taya kufunga. Kidonda au baka jeupe au jekundu lisilopona kwa wiki 2 hadi 3. Jino la mtu mzima linalolegea bila sababu. Kwa mtoto, taya linalovimba haraka na meno kulegea: mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyekuwa Kampala, alieleza saratani ya taya ya watoto inayoonekana zaidi nyanda zenye malaria nyingi, kama ulivyo mwambao huu. Hukua kwa siku, si kwa miezi, na hutibika kwa dawa ikiwahiwa.

Na jino ambalo halijang'olewa? Katikati ya miaka ya 1980, hapa hapa Tanzania, wataalamu wa shule ya meno ya Dar es Salaam walianza kuziba meno kwa vifaa vya mkono tu, bila mashine wala umeme: sehemu iliyooza inakwanguliwa, shimo linajazwa saruji ya meno inayotoa floraidi. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaitangaza njia hiyo kwa dunia. Kwa tundu dogo lisilouma usiku, uliza kama kituo chako kinafanya hivyo kabla hujakubali koleo. Ukiziba mapema, sehemu kubwa ya gharama nilizozihesabu hapo juu haitakufikia.

Ukishindwa kuamua, anza na simu kwa aliyekutibu, na useme kwa tarehe: "Daktari, gego la chini kulia uling'oa Jumanne. Maumivu yalipungua, yakarudi Ijumaa usiku, yanapanda sikioni, sina homa." Maneno hayo yanampa nusu ya jibu kabla hujapanda bodaboda. Huna namba yake? Piga 199, kituo cha simu cha Wizara ya Afya, bila malipo. Na kila unapotoka kwenye kiti cha meno, omba yaandikwe kwenye daftari lako mambo matatu: jino gani, limefanywa nini, tarehe gani. Usipokuwa nayo, daktari anayefuata ataanza mwanzo, na atakayelipia kuanza huko ni wewe.